Mchaichai na Vetiva: Pambo la Uwanja Lishikalo Udongo

Katika nyumba nyingi za Musoma, Bunda na Butiama, uwanja uliofagiwa ukabaki udongo mtupu ndio huhesabiwa kuwa nadhifu. Hatuna ugomvi na ufagio. Lakini masika yanapoingia mwezi Machi, maji yashukayo kutoka kwenye majabali ya vilimani huondoka na udongo huo, na baada ya miaka kadhaa msingi wa nyumba hubaki wazi. Udongo wenyewe hupita mitaroni hadi Ziwa Viktoria.

Wako wanaotandaza nyasi za zulia. Zinapendeza, ila tangu Juni hadi Septemba hudai maji bila kuchoka, na kwa familia inayonunua maji kwa ndoo hatuoni busara ya kuubeba mzigo huo. Tunapendelea nyasi ziotazo kwa mashina, zisizotambaa, zinazobaki kijani mwaka mzima.

Ya kwanza ni mchaichai. Mvua zinapoanza, shina la zamani hung'olewa na kugawanywa kuwa machipukizi yenye mizizi. Majani hukatwa yakabaki urefu wa shibiri moja, kisha machipukizi hupandwa kwa kuachana sentimita 60 hivi kandokando ya njia. Kila moja hujijenga likawa shina la mviringo. Mbuzi hawavutiwi nalo kwa sababu ya harufu yake, na katika mkoa wa wafugaji jambo hilo si dogo. Majani yanayopunguzwa, bila shaka, huishia kwenye birika la chai.

Penye mteremko, vetiva ndiyo yenye nguvu. Mizizi yake hushuka wima mita 3 na zaidi. Hupandwa kwa mstari uliokatiza mteremko, kwa nafasi ya sentimita 10 hadi 15, ili mashina yaungane yawe ukuta unaopunguza kasi ya maji na kuzuia udongo. Aina ipandwayo kwa kawaida haitoi mbegu ziotazo, hivyo haivamii shamba la jirani. Mafuta ya mizizi yake hutiwa katika manukato, na huko India mizizi hiyo husukwa mapazia yanayonyunyiziwa maji siku za joto kali.

Penye udongo mweusi wa mbuga, mchaichai upandwe juu ya tuta, kwani maji yakituama mizizi huoza. Penye mchanga, samadi haikwepeki. Maji ya udhu, ambayo hayana sabuni, yakielekezwa kwa kijifereji huyafaa sana mashina wakati wa kiangazi.

Kina mama huuliza habari za nyoka, na hofu yao ina msingi. Mashina yasiwe karibu na mlango, yakatwe yasivuke goti, na majani makavu ya chini yaondolewe. Mkataji avae mikono mirefu, kwa maana kingo za majani hukata ngozi. Yaliyokatwa yasichomwe; yatandazwe kuzunguka mashina, yahifadhi unyevu hadi vuli.