Kishikwambi Kibaki Mkononi mwa Mwalimu

Nafundisha darasa la awali wilayani Kyerwa, upande wa Murongo, ambako mto Kagera unatutenga na Uganda. Watoto wangu wana miaka 5. Nyumbani wanaongea Kinyambo tangu asubuhi hadi usiku. Kiswahili wengi wanakutana nacho darasani. Lakini wanajua mengi. Wanaijua kahawa iliyokauka kwa kuitikisa tu sikioni, wanajua mgomba upi umekaribia kukatwa.

Vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu, nami nikapata kimoja. Wazazi walipokiona walitaka kila mtoto akishike, acheze michezo ya herufi. Nawaelewa. Ila kioo kimoja kwa darasa lililojaa ni vurugu, na mtoto wa umri huu hajifunzi kuongea kwa kutazama. Anajifunza kwa kujibiwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto wa miaka 3 na 4, wadogo kidogo kuliko wangu, wasizidishe saa moja mbele ya skrini kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi.

Kwa hiyo nakitumia kwa picha na sauti. Jioni napita kwa jirani, kwa ruhusa yake, napiga picha: mbuzi aliyefungwa chini ya mti, kahawa iliyoanikwa, mama anamenya ndizi. Kesho yake tunakaa mkekani. Nikifungua picha, mmoja anapaza sauti, “Embuzi!” Namjibu, “Ndiyo, mbuzi. Anafanya nini?” Hapo maneno yanamwagika, Kinyambo na Kiswahili pamoja, wakibishana kama amefungwa au amelala. Nawarekodi. Wakijisikia wanacheka, kisha wanataka kusema tena, safari hii sentensi ndefu zaidi. Hata mtoto mkimya, asiyenyoosha kidole kamwe, huniomba nimrekodi pembeni. Baadaye tunatoka nje kuhesabu maharage na kokoto, maana namba ya kwenye kioo haishikiki.

Kwamba mtoto hujifunza kwa kuulizwa na kujibu, Zanzibar walilijua mapema. Mradi wa RISE, ulioanza 2006, ulirusha redioni masomo ya watoto wadogo yaliyoitwa Tucheze Tujifunze. Redio iliuliza, ikanyamaza. Watoto wakajibu, wakaimba, wakaruka, mlezi akiwa katikati yao. Tanga walijaribu njia nyingine: shindano la Global Learning XPRIZE, lililopata washindi 2019, lilipeleka vishikwambi vijijini ili watoto, wakubwa kidogo kuliko wangu, wajifunze kusoma bila mwalimu. Wengi walipiga hatua ya kweli. Wengi pia, baada ya miezi 15, hawakuweza kusoma hata neno moja. Naliheshimu jaribio lile, kwani lililenga watoto wasiofikiwa na shule. Huku kwetu walimu tupo.

Redio za jamii kama FADECO ya Karagwe zinawafikia wakulima hadi mashambani. Naziomba zitenge nusu saa ya asubuhi kwa madarasa ya awali. Halmashauri zetu mbili nazo, Kyerwa na Karagwe, kabla ya kufikiria vishikwambi vya watoto, zitupatie kwanza spika ndogo na sola ya kuchajia. Na wewe mzazi, ukiwa na simu, mrekodi bibi yake mtoto akisimulia hadithi, uilete rekodi hiyo shuleni. Tutaisikiliza darasani.