Mboga za juu ya paa: chukua oda kwanza, kata baadaye



Mwaka jana nilianza kulima mchicha juu ya paa la zege la nyumba tunayopanga, baada ya kuongea na mwenye nyumba. Mavuno ya kwanza nilikata yote asubuhi, mafungu 40, nikapiga picha kali nikaweka status. Hadi jioni nilikuwa nimeuza 17. Mengine yalinyauka, mengine tukala wenyewe siku tatu mpaka mdogo wangu akagoma. Mboga ilikuwa nzuri na wateja walikuwepo. Kosa langu ni kwamba nilikata kabla sijajua nani ananunua.

Kuna kampuni huko Montreal, Kanada, inaitwa Lufa Farms. Tangu 2011 wanalima kwenye vitalu nyumba vya vioo juu ya mapaa ya majengo makubwa, na wanauza mtandaoni. Mteja anajaza kikapu chake, oda zikifungwa ndiyo wanavuna. Tena hawauzi mboga zao tu, wanaongezea bidhaa za wakulima wengine.

Sisi mtaji huo hatuna, ila utaratibu wao tunauweza. Fanya hivi:

1. Gawa eneo lako sehemu nne, panda sehemu moja kila wiki. Mchicha unakuwa tayari wiki ya 3 hadi ya 4, kwa hiyo kila wiki utakuwa na cha kuuza.

2. Jumatano weka picha ya mboga ikiwa bado kwenye udongo. Taja bei, maeneo unayopeleka, na mwisho wa oda: Ijumaa saa 2 usiku.

3. Aliyelipa ndiye anaingia kwenye daftari. Jumamosi alfajiri kata idadi hiyo tu. Iliyobaki inaendelea kuishi, ila usiiache muda mrefu, itakomaa na kutoa mbegu.

4. Nyanya na vitunguu chukua sokoni, ongeza kwenye oda. Boda ni ile ile, mauzo yanaongezeka.

Sasa hapa kuwa makini sana: UZITO. Lita moja ya maji ni kilo moja. Udongo wa kina cha sentimita 15 kwenye mita moja ya mraba, ukilowa, unapita kilo 200. Paa la bati sahau kabisa. La zege, mwite mtu anayejua ujenzi alikague kwanza. Changanya udongo na mboji na chenga za makumbi ya nazi uwe mwepesi. Usiumwage juu ya zege, tumia mabeseni yaliyotobolewa, yainue kidogo maji yapite. Nyumba ikianza kuvuja, faida yote inaenda kwa fundi.

Siku hizi nauza mafungu 25 kwa wiki tu. Machache kuliko yale 40, lakini yote yana wenyewe kabla sijashika kisu.