Nyumba rahisi ya Salamabila au nyumba ghali ya Kasongo?

Kampuni ya Banro ilipokuwa ikiendesha mgodi wa dhahabu wa Namoya, Salamabila, katika Kabambare, ilikuwa na wapangaji wa mshahara. Banro ilitangaza uzalishaji wa kibiashara mwanzoni mwa 2016. Mwaka 2019 ikasimamisha kazi kwa sababu ya usalama mbovu. Miji ya dhahabu ndivyo ilivyo: mshahara ukiingia, hata chumba cha udongo kinagombaniwa, ukikatika, anayetaka kuondoka anataja bei ambayo jana angeiona matusi. Mfanyabiashara wa Kasongo mwenye dola zake chache akiisikia bei hiyo, moyo unamwenda mbio. Nami namwomba akae chini kwanza, tupige hesabu.

Chukua bei anayotaka muuzaji, uigawanye kwa kodi ya mwezi ya nyumba inayofanana nayo mtaa uleule. Tuseme nyumba ya Kasongo ni dola 4,000 na kodi yake ni dola 20: miezi 200, yaani miaka 16 na miezi 8. Tuseme ile ya Salamabila ni dola 1,500, lakini wapangaji wamepungua na kodi imeshuka hadi dola 5: miezi 300, miaka 25 kamili. Hizi ni namba za mfano tu, weka za kwako. Utaona kwamba nyumba ya bei ndogo inaweza kuwa ndiyo ghali.

Kwa hiyo, kama riziki yako inategemea mgodi, panga. Sheria ya upangaji ya 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu. Akikudai sita, mkumbushe kwa heshima. Mambo yakiharibika, mpangaji hubeba godoro na watoto wake akaondoka. Mwenye nyumba hawezi kubeba kuta.

Wengi watasema: basi ninunue parsele nijenge polepole. Njia nzuri, ila ina mtego wake. Kuta ni jasho: udongo upo, matofali yanafyatuliwa na kuchomwa wakati wa kiangazi, vijana wa kazi wapo. Paa ni pesa. Mabati, misumari na saruji vinatoka mbali, kwa barabara ambazo mvua ikianza pikipiki yenyewe inasukumwa, na kila kilomita inaingia kwenye bei ya bati. Nimeona kuta za matofali mabichi zilizoachwa wazi msimu mmoja wa mvua. Zilirudi kuwa udongo, na akiba ya mtu ikaenda nazo. Nunua mabati kwanza, yafungie ndani, ndipo upandishe kuta. Kama hutaweza kuezeka kabla ya mvua, subiri kiangazi kingine.

Nyumba iliyokwisha kujengwa nenda kaiangalie siku ya mvua, wala usitosheke na kuipitia asubuhi ya jua pamoja na komisionere. Ingia ndani maji yakipiga, tazama dari, kisha zunguka nyuma uone maji yanachimba wapi chini ya msingi.

Sasa karatasi, na hapa ndipo watu wetu wanapoumia. Kwa sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, udongo wote ni mali ya Serikali. Unachonunua ni jengo na haki ya kukaa pale. Karatasi ya shefu wa kartie inaonyesha kwamba jirani zako wanakutambua, na hiyo si kitu kidogo, lakini haki kamili inathibitishwa na hati ya usajili inayotolewa na konservatere. Nyumba yenye karatasi ya shefu peke yake inauzwa rahisi kwa sababu mpima ardhi, safari zake, mipaka na ada za ofisi vyote vinakungoja wewe. Ongeza gharama hizo kwenye bei kabla ya kusema ni rahisi. Mimi ningechagua vyumba viwili Kasongo vyenye hati kuliko sita visivyo nayo.

Uliza pia ni nani hayupo mezani. Kama muuzaji ana mke, Kanuni ya Familia inataka ridhaa ya wote wawili. Saini ya bwana peke yake ni kesi uliyoinunua. Kama ni nyumba ya marehemu, watoto wake ndio warithi wa kwanza, hata kama baba mdogo ndiye mwenye funguo na maneno mengi.

Na kuna nyumba ambayo sitaki uiguse. Vita vya Kabambare, hasa tangu 2017, vimezitoa familia nyingi makwao, wengine wakakimbilia Kasongo. Ukiletewa nyumba ya mtu aliyekimbia, inauzwa na binamu au jirani, mtafute mwenye nyumba. Anaweza kuwa anapanga chumba mtaa wa tatu kutoka kwako. Asipopatikana, acha, hata ikiwa ya dola 300. Mwenye nyumba atarudi na watoto wake, atasimama mlangoni, na wewe ndiwe utakayemfungulia.

Ukishapata nyumba ya haki, usitoe pesa zote siku moja. Toa sehemu mbele ya mke wa muuzaji, shefu na jirani wa pande zote, kila mmoja akitia saini. Iliyobaki aipokee siku jina lako litakapoandikwa ofisini.