Mabingwa Waliomo Mguuni

Kabla jua halijachomoza, watu wa Laini Saba na Gatwekera, mtaani Kibera jijini Nairobi, huifuata reli kwa miguu kwenda Industrial Area. Upande wa Kawangware, kina mama fua hutoka Gatina na Congo, wakavuka kwenda Lavington na Kileleshwa kutafuta kazi ya siku. Nauli ya matatu ni pesa ya unga. Mguu ndio chombo cha kwanza cha kazi katika mitaa hii miwili, na humo mguuni ndimo zilimo rekodi kubwa za mwili wa binadamu: neva nene kuliko zote, vena ndefu kuliko zote, seli ndefu kuliko zote.

Tuanze na unene. Neva ya siatiki hutoka sehemu ya chini ya mgongo, hupenya ndani ya tako, hushuka nyuma ya paja, na juu kidogo ya goti hugawanyika mara mbili. Inapoanzia ina upana wa takriban sentimita 2, kama kidole gumba cha mtu mzima. Unene huo haujaipa kinga. Sindano ikichomwa mahali pasipofaa takoni inaweza kuipata, na mtoto aliyepelekwa kutibiwa homa akarudi nyumbani akiburura mguu. Ndiyo maana wauguzi hufundishwa kuligawa tako mara nne na kuchoma robo ya juu iliyo upande wa nje. Kwa mtoto mchanga, paja upande wa nje ndipo salama zaidi. Mzazi aliyesimama kwenye duka la dawa ana haki ya kuuliza sindano itaingia wapi, na kama dawa ya kumeza haitoshi. Aulize bila haya.

Vena ndefu kuliko zote ni safena kubwa. Huanzia upande wa juu wa wayo, hupita mbele ya kifundo cha ndani na kupanda upande wa ndani wa mguu hadi kinenani, chini tu ya ngozi. Mwaka 1967, daktari mpasuaji René Favaloro, mzaliwa wa Argentina, alikuwa Cleveland Clinic nchini Marekani alipotumia kipande cha vena hii kuipitishia damu njia mpya, kando ya ateri ya moyo iliyoziba. Mpaka leo madaktari wanaichota mguuni kuokoa moyo. Kipande hicho hupandikizwa kikiwa kimegeuzwa, cha chini kikawa juu, kwa sababu ndani yake mna vali zinazoruhusu damu kwenda upande mmoja tu.

Vali hizo zina kazi nzito. Mtu akisimama tuli, shinikizo katika vena za kifundoni hufika takriban milimita 90 za zebaki. Akitembea, misuli ya shavu la mguu huzikamua, na shinikizo hushuka hadi 30 au chini yake. Kwa hiyo anayetembea hadi Industrial Area huenda vena zake ziko na nafuu kuliko za soja anayesimama langoni usiku kucha, mpaka mishipa ikavimba na kujikunja. Soja huyo apande na kushuka kwa vidole vya miguu kila baada ya muda mfupi, na akipata nafasi ya kukaa, ainue miguu. 

Neva ya mguu inayoumia kwa urahisi zaidi ni ile ya fibula, tawi la siatiki linalozunguka mfupa chini kidogo ya goti, upande wa nje. Hapo imefunikwa na ngozi na mafuta kidogo tu. Abiria wa bodaboda akigongwa ubavuni mwa goti, ndiyo inayopigwa. Hata kuchutama saa nyingi kunaweza kuibana. Madaktari wameliona tatizo hili kwa wachumaji wa stroberi. Unyayo hulegea, vidole vikakwaruza chini kila hatua. Nafikiria kina mama wanaochutama mbele ya beseni toka asubuhi hadi alasiri, na sioni sababu ya nyumba yoyote ya Lavington kukosa kuwapa kigoda na ruhusa ya kunyoosha miguu.

Rekodi inayonigusa zaidi ni ya urefu wa seli. Kuna seli ya neva ambayo kiini chake kiko kando ya uti wa mgongo. Mkono wake mmoja hushuka hadi kidole gumba cha mguu, mwingine hupanda hadi chini ya ubongo. Kwa mtu mrefu, seli hiyo moja inaweza kupita mita moja na nusu, na ni nyembamba kiasi cha kutoonekana kwa macho. Karibu kila inachohitaji kule kidoleni hutengenezwa pale penye kiini na kusafirishwa. Mzigo wa kasi huenda takriban milimita 400 kwa siku, hivyo huchukua siku mbili au tatu kufika. Ule wa polepole huenda milimita chache tu kwa siku.

Kisukari kinapoharibu neva huanza na seli hizi, kwa sababu ndizo ndefu. Ganzi hushika vidole vya miguu yote miwili, ikapanda unyayoni, kisha kwenye muundi. Ikikaribia goti, ncha za vidole vya mikono nazo huanza kufa ganzi, kwa kuwa hapo urefu wa neva za mkono umelingana na wa zile za mguu zilizokwisha kuathirika. Mtu hukanyaga msumari kwenye reli asijue. Kiatu kipya cha soko la Toi kikimchuna hasikii, na kidonda huoza bila kilio.

Mwenye kisukari apimwe unyayo angalau mara moja kwa mwaka. Kipimo ni uzi wa nailoni unaopinda ukisukumwa kwa nguvu ya gramu 10: aliyefumba macho akishindwa kusema umemgusa wapi, ulinzi wa mguu wake umepungua. Nyumbani, atazame nyayo kila jioni, au amwombe mwanawe amtazamie, na asivae kiatu kabla hajapitisha mkono ndani yake.