Usahaulifu wa Wazee: Tusicheke, Tuelewe

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Mbona basi aliyeona mengi hutafuta miwani nyumba nzima, kumbe ameivaa kichwani? Nyanya yangu akitaka kunituma dukani hutaja majina ya wajukuu watatu kabla ya kulifikia langu, nasi vijana huangua kicheko. Je, ana ugonjwa? La hasha!

Ubongo nao huzeeka, sawa na magoti. Sehemu yake iitwayo hipokampasi, ambayo husaidia kuhifadhi mambo mapya, hupungua kadiri umri unavyosonga. Hivyo mzee huhitaji muda zaidi kushika jambo na kulikumbuka. Jina halijapotea, linachelewa tu. Mwache kidogo, litakuja lenyewe. Tena maneno na maarifa ya zamani hayamtoki upesi. Ndiyo maana nyanya hunishinda kwa methali, ingawa mimi ndiye mwanachama wa Chama cha Kiswahili!

Aidha, usahaulifu huzidishwa na kukosa usingizi, huzuni nyingi, masikio mazito, upungufu wa vitamini B12 na hata baadhi ya dawa. Mengi ya hayo yanatibika.

Hata hivyo, uko usahaulifu ambao ni ugonjwa hasa. Kusahau ulikoweka ufunguo ni kawaida. Kusahau ufunguo ni wa kazi gani si kawaida. Kupotea njia ya nyumbani, kuuliza swali lile lile kila mara, kushindwa kupika chakula alichokipika miaka yote: hizo ni dalili. Mwaka wa 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza ugonjwa wa aina hiyo, nao sasa unaitwa kwa jina lake.

Jameni, hapa ndipo penye hatari. Mzee aliyepotea njia akikutwa usiku katika boma la wenyewe, utasikia ati ni mchawi. Uvumi wa uchawi huua. Mwaka wa 2021, huko Marani, Kisii, akina mama wazee wanne waliuawa kwa tuhuma hizo.

Kwa hivyo, mwanafunzi mwenzangu, ukiona dalili hizo nyumbani usinyamaze. Waambie wazazi mzee apelekwe hospitalini, na majirani waelezwe. Lakini akisahau kidogo tu, mkumbushe kwa adabu. Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Nasi tukijaliwa tutafika huko.