Mikono Miwili ya Mchuma Buni

Mkono mmoja haulei mwana, walisema wazee wetu. Anayetaka ushahidi na apande basi Nairobi ashike njia ya Thika, kisha ateremke Ruiru kwenye mashamba ya kahawa yaliyosalimika na majumba yanayochipuka kama uyoga.

Sisi wa pwani twaijua kahawa ikiwa imo kikombeni, chungu, na kashata pembeni. Muuzaji hupita jioni, mkono mmoja dele, mwingine wagonganisha vikombe. Lakini huko Ruiru na Thika ndiko mikono miwili inakoianza kazi hiyo. Mchumaji hulivuta tawi kwa mkono mmoja na kulishika, na kwa mwingine huchuma buni nyekundu, akiziacha zilizo mbichi. Punde mikono hubadilishana zamu. Malipo ni kwa debe, basi mwenye mikono isiyoelewana harudi nyumbani na kitu. Mbuni uitwao Ruiru 11, waliopewa wakulima mwaka 1985 na kituo cha utafiti wa kahawa cha hapo Ruiru, umesifika kwa kustahimili maradhi ya buni, lakini wachumaji waupenda pia kwa ufupi wake.

Nani basi aiamrishaye mikono hiyo? Mwaka 1870, mjini Berlin, matabibu Fritsch na Hitzig walimtia mbwa umeme kidogo kwenye upande mmoja wa ubongo, na viungo vya upande wa pili vikatikisika. Baadaye Penfield wa Montreal alichora ramani ya ukanda huo wa ubongo wa binadamu. Ukanda washuka kutoka karibu na utosi kuelekea sikioni, mmoja kila upande, na vidole vimepewa nafasi kubwa kuliko mgongo mzima! Nyuzi zinazobeba amri zikifika chini ya ubongo, takriban tisa katika kila kumi huvuka ng'ambo. Kwa hiyo ubongo wa kushoto ndio uendeshao mkono wa kulia, na wa kulia huendesha wa kushoto.

Hata hivyo, mambo si mepesi hivyo. Kati ya nusu hizo mbili kuna daraja nene la nyuzi, na kila upande hupata habari za mwenziwe. Jaribu, msomaji: chora duara kwa mkono wa kulia na mraba kwa wa kushoto, kwa wakati mmoja. Duara litapata pembe na mraba utaviringika. Wagonjwa wa kifafa waliokatwa daraja hilo ili kupunguza maradhi yao waliweza kuchora maumbo mawili tofauti pasi na taabu hiyo. Lakini kazi mpya inayotaka mikono isikilizane, wao iliwashinda.

Haya si mambo ya vitabuni tu. Wengi wetu tumemwona mzee aliyelala mzima akaamka mkono wa kulia umekufa na mdomo umekwenda upande. Majirani husema ni jini, au kuna mkono wa mtu, na saa zapita watu wakitafuta kombe. Huo ni ubongo wa kushoto uliokosa damu. Kama ni damu iliyoganda ndiyo iliyoziba mshipa, dawa ya kuiyeyusha yafaa ndani ya saa nne na nusu hivi tangu dalili zianze, tena baada ya kupigwa picha ya kichwa kuhakikisha kuwa damu haikuvuja.

Na jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba hata mkono wa kushoto, ule tunaouita mzima, nao huweza kupungua ustadi, kwa kuwa ubongo ulioumia ulikuwa na neno lake kwake pia. Basi akimwaga chai msimkaripie. Mpeni kikombe akishike kwa mkono mgonjwa, hata mkimsaidia, na kwa ule mwingine amimine mwenyewe, kidogo kidogo, kila siku.