Unafufua Peugeot 504 nyumbani? Linda pesa ya spea

Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Huenda kuna moja imelala nyuma ya nyumba yenu, chini ya turubai. Ukiamua kuifufua, usikimbilie rangi. Dunga sakafu kwa bisibisi. Ikizama, hiyo ni kutu, na fundi wa kuchomelea aanze kabla ya injini kuguswa.

Spea ndizo humaliza watu. Hii gari haitengenezwi tena, kwa hivyo utapigiwa simu: "Kabureta iko, tuma haraka, kuna mwingine anaitaka." Pole pole! Kama uko Nairobi, fika Kirinyaga Road uishike kwanza. Lipa kwa nambari ya till ya duka, si kwa simu ya mtu usiyemjua. Soma jina linalotokea, lisipolingana, katisha.

Fundi mlipe kwa hatua: kazi ikionekana, pesa inatoka. Usifute ujumbe wa malipo, ndio risiti yako.

Sakafu iliyooza utaiwekea bati jipya. Pesa ambayo tapeli ameshaitoa kwa wakala, kuirudisha ni kibarua.